Chipu Nyekundu Nilizoziosha

Lusajo mwanangu,

Umetoka kwenda Sinde kuwaaga wenzako na umesema utarudi kabla jua halijazama. Nimevaa sweta mbili, nimekaa kitandani, karatasi zimelala juu ya lile daftari kubwa la maandalio ya masomo. Julai ya Mbeya unaijua. Vidole vimeanza kufa ganzi na mwandiko utaharibika kadiri ninavyoendelea. Usinihukumu kwa mwandiko. Utakuwa na mengine ya kunihukumu.

Sitakuandikia habari za soksi wala blanketi. Sanduku umelipanga mwenyewe, na umelipanga vizuri kuliko ambavyo ningelipanga mimi. Kesho unakwenda Iringa kuanza kidato cha tano, na utaishi Kihesa kwa bibi yako, mama wa baba yako. Katika nyumba ile kuna jambo utaambiwa kuhusu baba yako. Nataka ulisikie kwangu kwanza, kwa sababu kule utaambiwa uongo na watu wanaouamini kwa moyo wote. Uongo wenyewe ulianzia kwangu.

Wiki iliyopita ulikuwa unatafuta sindano kwenye kopo langu la nyuzi, ukatoka na vipande viwili vya duara, vyekundu vyote, vikubwa kidogo kuliko sarafu ya mia mbili.

“Mama, hizi ni nini?”

“Za mchezo.”

“Mchezo gani?”

“Wa karata. Wa watu wazima.”

Ukazigonganisha sikioni. Ukazipitisha kati ya vidole, moja baada ya nyingine, ukitumia ubavu wa kidole gumba. Hukufundishwa na mtu kufanya hivyo. “Hii kali,” ukasema. “Lakini hii nyingine imechoka kama ndala za bafuni.” Ukacheka. Nikakunyang’anya, nikakuambia uende ukachote maji wakati ndoo zote zilikuwa zimejaa. Ulinitazama, ukaenda. Hukuuliza tena. Wewe ni mtoto unayejua kuacha kuuliza, na tabia hiyo umeipata kwa kuishi na mimi.

Sasa ziko mbele yangu tena. Zinaitwa chipu. Wacheza kamari huziweka mezani badala ya pesa, na mchezo ukiisha kila mmoja hubadilisha alizobaki nazo akapewa pesa yake.

Ile uliyoisifu inaitwa ya kauri. Jina tu. Si kauri ya kikombe. Ukiiangusha sakafuni haivunjiki. Ni mchanganyiko mgumu wa kiwandani, na picha yake imechapwa juu mpaka ukingoni bila kuacha nafasi. Uso wake umenyooka, unateleza. Ukingo bado ni mkali kama siku ilipotolewa kwenye boksi. Ukiigonga na mwenzake inalia kavu, juu juu, kama kucha kwenye kioo. Ni ya baridi. Ukiishika sana inapata joto la mkono wako, ukiiweka chini joto linakwisha hapo hapo. Ukiipaka mafuta unafuta, ukiimwagia chai unafuta, na inabaki vilevile.

Ile uliyoicheka ni ya udongo. Nayo si udongo mtupu. Ni udongo uliochanganywa na vitu vingine, ukashindiliwa kwenye kalibu kwa joto na uzito mkubwa. Pitisha kidole, utasikia uso wake una vijipele vya kukwaruza kama ulimi wa paka. Katikati kuna karatasi ya duara iliyozamishwa humo. Yale madoa meupe ya ukingoni hayakuchapwa; ni udongo mweupe uliopita ndani mpaka upande wa pili. Chipu za namna hii zikipangwa moja juu ya nyingine zinashikana. Unaweza kuusukuma mnara wa ishirini kwa kidole kimoja na usianguke, wakati za kauri zinatawanyika kama sahani zenye sabuni. Zikigongana sauti yake ni nzito na ya chini, kama mtu anayetua kikombe juu ya kitambaa. Na zinanyonya. Jasho, mafuta ya mikono, moshi wa sigara, vyote zinanyonya, na kila mwaka rangi yake inazidi kukolea. Hii iliyo mbele yangu ilikuwa nyekundu ya kukaribia weusi. Imepauka kwa sababu yangu.

Haya yote nimeyajua baadaye, nikiwa nimeshasoma kemia na nimeshaanza kuifundisha. Wakati ule sikujua lolote.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, na kila mtu kwetu alikuwa anajua nitafaulu, mimi nikiwa wa kwanza kujua. Nikapata kazi ya muda mjini, kwa Mzee Kanji, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi chini na nyumba ya familia juu. Nilikuwa nafanya usafi na kupeleka chai. Jumamosi baada ya chakula cha mchana rafiki zake walipanda juu kucheza karata, mchezo wanaouita poka. Chipu zilikuwa za baba yake Mzee Kanji, na zilikuwa na umri mkubwa kuliko mimi na baba yako tukijumlishwa. Mzee alizipenda kuliko gari lake.

Baba yako, Elia, alikuwa mtunza stoo wa duka. Kijana wa Kilolo, mrefu, mpole, mwenye maneno machache. Jumamosi alivaa shati jeupe akapanda juu kugawa karata, kwa sababu wazee walikuwa hawaaminiani kugawa wenyewe lakini wote walimwamini yeye. Ufunguo wa kabati la chipu ulikaa shingoni kwake, kwenye uzi.

Mpwa wa Mzee alikuja likizo kutoka ng’ambo na mfano wa chipu za kauri, tano hivi, akimshawishi mjomba wake aagize seti mpya. Mzee alikataa, lakini zile tano zikabaki. Elia alinifanyia nazo mchezo. Wakati wa kusafisha chumba alikuwa akiniambia, “Fumba macho, Atu.” Ananiwekea moja kila kiganja.

“Haya. Ya udongo ipi?”

“Ya kushoto.”

“Umejuaje? Au huko shule wanafundisha na haya?”

“Inanishika. Hii nyingine haina habari na mimi.”

“Na mimi je? Nina habari na wewe au sina?”

Hivyo ndivyo nilivyompenda baba yako, Lusajo. Kwa kufumba macho. Sijawahi kukuambia kwa sababu hukuwahi kuuliza, na hukuwahi kuuliza kwa sababu uso wangu ulikufunga mdomo.

Lile kosa lilikuja hivi. Zile chipu zilikuwa zinanichukiza. Nilizipenda mkononi na kuzichukia machoni. Niliona uchafu wa miaka, vidole vya wanaume waliokula sambusa wakaendelea kushika. Nimelelewa na bibi yangu huko Kyela, na bibi alikuwa anauza vyungu vya Wakisi sokoni. Chungu kipya alikuwa anakichemsha kwanza na pumba, halafu anakisugua, halafu anakianika. Chungu kilichoharibika kwa maji ya moto, alikuwa anasema, kilichomwa na mvivu. Kwa hiyo niliposikia kwamba hizi nazo ni za udongo, kichwani mwangu jambo lilikwisha. Udongo naujua. Nilikulia juu yake.

Alhamisi moja Elia alikwenda Tunduma, mpakani, kumpokea dada yake. Akaniachia ufunguo ili nifute vumbi kabatini, jambo ambalo hakuruhusiwa. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi na yeye. Nikatoa boksi moja la chipu nyekundu kati ya maboksi mawili. Nikachemsha maji, nikatia sabuni ya unga, nikazimimina humo zote, nikaziacha. Niliporudi maji yalikuwa mekundu kama juisi ya rozela. Nilifurahi. Nikasema, tazama uchafu ulivyotoka! Nikazisugua kwa brashi, nikazianika kwenye bati, juani. Nilikuwa nataka kuendelea na boksi la pili, lakini nikasikia mama mwenye nyumba anarudi.

Jioni zilikuwa nyepesi. Zilikuwa zimekauka, zina vumbi la unga, na karatasi ya katikati kwenye baadhi yake ilikuwa imeanza kunyanyuka. Nilizitazama muda mrefu. Nataka ujue hili, maana nimeshajidanganya vya kutosha: nilishuku. Nilijua huenda nimeharibu. Nikajiambia zimetakata, nikazirudisha kabatini, nikafunga.

Jumamosi walikuwa wanne mezani. Aliyekuwa anavuma zaidi ni mmoja mwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Ubaruku, mtu mnene wa mzaha, wote wakimwita Bosi Mpunga. Mimi niliingia na trei ya chai, nikakuta mchezo umesimama. Mbele ya Bosi Mpunga kulikuwa na minara miwili ya chipu nyekundu, mmoja mweusi-mweusi, mwingine umepauka. Alichukua iliyopauka. Unajua wanunuzi wa mpunga wanavyong’ata punje kusikia kama imekauka? Aliitia ile chipu kati ya meno ya pembeni, akang’ata. Ikakatika kipande.

“Hii imekauka kupita kiasi,” alisema, akitema kipande kiganjani. “Mzee Kanji, ya Jumamosi iliyopita haing’atiki hivi. Hii haikuzaliwa na hizi.”

“Ulishang’ata na za Jumamosi iliyopita?” mmoja akauliza, wakacheka. Lakini kicheko kilikuwa kifupi.

“Elia,” Bosi Mpunga akasema, “juzi si ulikuwa Tunduma wewe?”

“Nilikwenda kumpokea dada, bosi.”

“Ulimpokea dada au ulipokea mzigo?”

Ilikuwa mzaha bado, kidogo. Wakazihesabu zote, idadi ikatimia. Nilipumua. Lakini idadi kutimia kukawa kubaya zaidi. Walisema amezibadilisha: zile halisi amezificha, ameweka bandia, na siku nyingine atampa mtu azilete zile halisi kubadilisha na pesa. Kwa watu wale chipu bandia ilikuwa sawa na noti bandia. Na ufunguo ulikuwa shingoni mwa nani?

Elia alichukua moja. Akaisugua kwa kidole gumba, taratibu, kama alivyokuwa anafanya. Akaipeleka puani. Ilikuwa inanuka sabuni. Hata mimi niliyesimama mlangoni nilijua itanuka sabuni. Akanitazama.

“Ni zilezile, mzee,” alisema. “Kuna mtu kaziosha.”

“Nani atakayeosha chipu?” Mzee Kanji akageuka. Hakuwa mkali. Alikuwa kama mtu anayetaka kusaidiwa. “Atupele, mwanangu, umeziosha wewe?”

Niliulizwa hivyo, Lusajo. Niliulizwa kwa jina langu, kwa sauti ya upole, mbele ya mashahidi wanne. Sijawahi kufunguliwa mlango mpana kama ule.

Nikasema, “Hapana, mzee. Mimi naleta chai tu.”

Kwa miaka mingi nilijieleza kwamba niliogopa kufukuzwa kazi. Au kwamba nilikuogopea wewe, maana wiki mbili kabla nilikuwa nimemwambia Elia kwamba nina mimba. Ni maelezo mazuri, na watu wangeyakubali. Lakini ile kazi ilikuwa ya miezi sita tu, nisingejali. Ukweli ni mdogo na wa aibu zaidi. Bosi Mpunga alikuwa ameshanizoea kuniita “profesa” kila nikiingia na chai, kwa sababu Mzee alikuwa amewaambia nasubiri kwenda chuo kikuu. Nilipenda kuitwa hivyo. Nilimwona Bosi Mpunga akinitazama, na nikaona nitakavyochekwa: profesa kachemsha chipu za kamari kama maharage. Profesa mshamba wa Kyela. Sikuweza. Nilishindwa kusema neno moja, kwa sababu ya kicheko ambacho kingekwisha kabla chai haijapoa.

Elia aliendelea kunitazama kwa muda kama wa kuvuta pumzi mara mbili. Angeweza kusema, ufunguo nilimwachia Atu. Ilikuwa kweli na ingemtoa. Aliitua chipu mezani, juu ya nyingine, akainyoosha vizuri. Kisha akavua uzi shingoni, akauweka ule ufunguo pembeni. Hakusema kitu kingine siku ile, wala polisi hakusema.

Walimshtaki kwa wizi wa vitu vya dukani, kwa sababu hakuna aliyetaka kusimama mahakamani na kueleza habari za kamari. Akakaa mahabusu miezi tisa, kesi ikipigwa tarehe. Wewe ulizaliwa akiwa humo. Mzee Kanji alichoka kwenda mahakamani, shauri likafutwa, lakini kufutwa si kusafishwa. Mtaani alitoka akiwa mwizi aliyeponyoka. Na alitoka na kifua.

Mimi nilibaki pale miezi miwili baada ya siku ile. Mzee aliagiza seti mpya ya kauri, ndizo nilizokuwa nazipanga Jumamosi, mikono yangu ikiteleza. Alisema zile za udongo hawezi kuzitazama tena. Zilizopauka zilitupwa kwenye pipa la taka, na humo niliokota hii. Ya kauri niliichukua siku ya kuondoka, nikaitia kwenye sidiria. Katika chumba kile, kwa miaka yote ile, hicho ndicho kitu pekee kilichowahi kuibwa, na aliyekiiba ni mimi. Sijui kwa nini niliichukua. Nadhani nilitaka kuwa mwizi wa kweli ili waliosema chumbani kuna mwizi wawe wamekosea mtu tu.

Ulipokuwa na miezi minne nilikufunga mgongoni nikaenda Kilolo. Elia alikuwa amekaa nje, ameegemea ukuta uliopata jua, amejifunika blanketi mchana kweupe. Mikono yake ilikuwa imebaki mikubwa, mwili ndio ulikuwa umepungua. Akakupokea, akakuweka mapajani, akakushika kidole gumba kwa muda mrefu. Bibi yako alituletea togwa akarudi ndani. Alikuwa hawezi kukaa na mwanawe mahali pamoja.

Nilikuwa nimepanga hotuba nzima njiani. Nikaanza, “Elia, siku ile...”

“Ulisoma sana, Atu,” akasema. Hakuwa na hasira. Alikohoa, akasubiri kikohozi kiishe. “Ungesema tu hukujua. Wangecheka, tungeendelea.”

Nililia. Hakunibembeleza, na ninamshukuru kwa hilo. Nilipotaka kuondoka akaniomba kitu kimoja. “Siku moja mwambie mama. Mimi nikimwambia atasema najitetea. Wewe atakuamini.”

Nikamwahidi. Alikufa mvua zilipoanza, wewe bado hujasimama dede.

Sasa nakuambia kosa la pili, na kwangu ndilo kubwa, kwa sababu la kwanza lilitoka mdomoni kabla sijafikiri, na hili nimelifikiria miaka kumi na sita. Kwenye maziko bibi yako alisimama mbele ya watu wa Kilolo. Alikuwa na kanga mbili na uso mkavu. Akawaomba radhi. Akasema amezaa mtoto aliyekwenda mjini kula mkate wa watu na kuwaibia, na kwamba aliyepata hasara yoyote amsamehe yeye mzazi. Aliomba radhi kwa ajili ya mtu asiye na kosa, na mimi nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake, wewe umelala mgongoni kwangu. Nikajiambia: si leo, leo ni siku ya msiba. Nikajiambia nitarudi arobaini. Arobaini nikajiambia nikimaliza chuo.

Nilikwenda chuo nikasomea ualimu. Nilipofika kwenye somo la rangi na vitu vinavyozishikisha, mhadhiri akaeleza namna maji ya moto na sabuni yanavyoweza kuitoa rangi isiyofungwa na moto mkali, nilitoka nje nikatapika kwenye maua. Wenzangu walidhani nina malaria.

Kila Krismasi namtumia bibi yako, ambaye baada ya msiba alihamia Kihesa, sukari na kitenge. Unajua, wewe ndiye unayepeleka vifurushi stendi. Hujui anachoniambia kwenye simu. Ananiambia, “Una moyo, mwanangu. Elia hakukustahili.” Ameniambia hivyo mara nyingi, nami nimejibu, “Asante, mama.” Hebu lisome tena neno hilo. Asante.

Juni, majina yalipotoka nikampigia kumwambia umepangiwa Iringa, alifurahi mpaka sauti ikakatika. Akasema mlete, asikae bweni, nyumba ipo. Halafu akaendelea taratibu. “Lakini lazima nikuambie, Mama Lusajo, usije ukasikia kwa watu ukaumia. Chumba changu nimekitia kufuli. Si kwamba namchukia mjukuu wangu. Ni damu ile. Nitamkazia tangu mwanzo, asije akapotea kama mwenzake.”

Kufuli, Lusajo. Wewe ambaye ukirudishiwa chenji dukani unarudi kwa mwenye duka kumwambia amezidisha. Utakuwa unalala mlango wa pili, na kila ukipita sebuleni utamsikia anakijaribu kitasa kama kimefunga. Hatakueleza kwa miezi. Kisha siku kitu kitakapopotea, kitambulisho au kisu cha jikoni, utaona anavyokutazama, na utadhani kuna kitu ndani yako ambacho wengine wanakiona na wewe hukioni. Mimi najua uchungu wa kuwa na kitu ndani. Sitaki ubebe ambacho hakipo.

Baba yako hakuiba. Hakubadilisha chochote, hakuficha chochote. Ziliharibiwa na msichana aliyedhani anajua udongo.

Nimekulea nikijifunza kutoonyesha alama. Ulipokuwa na miaka saba uliniuliza kwa nini silii kama mama za wengine. Nikakujibu macho yangu ni makavu, ukaniletea maji kwenye kikombe. Nilikuwa nimeamua kwamba kitu kisichonyonya hakichafuki. Kinafutwa, kinarudi rafu, kesho kipo vilevile. Ukiniuliza ubaya wake uko wapi nitakuambia tu kilichonipata: hata wewe hukunishika. Umekaa mkononi mwangu miaka yote hii, unateleza, na kosa si lako.

Kuhusu neno “sikujua.” Sikufundishi, maana wewe unalisema vizuri kuliko mimi, nimekusikia ukimwambia mwalimu wako wa hisabati, bila kuinamisha kichwa, na nilikuonea wivu. Nakueleza tu kwamba mama yako hakuwa nalo mdomoni, na kwamba lingemgharimu dakika tano.

Nimefika hapa nikaacha kuandika, nikazunguka chumba. Nilianza barua hii nikiwa na mpango. Nilitaka uisome Iringa, ukishatulia, halafu umweleze bibi yako wewe, kwa wakati utakaoona unafaa, kwa sababu anakupenda na wewe una maneno laini. Nilishaandika na aya ya kukuomba hivyo. Nimeichana. Nimeiona ikifanana na ile siku ya trei: mimi nimesimama mlangoni, mtu mwingine anavua uzi shingoni.

Kwa hiyo mambo yatakuwa hivi. Barua hii nitakupa leo ukirudi, utaisoma nikiwa jikoni, na hutalazimika kuniambia kitu. Asubuhi nilikwenda stendi nikabadilisha tiketi yako. Sasa ziko mbili, viti havikukaribiana, kwa sababu sijui kama utataka kukaa karibu nami. Shuleni nimeomba ruhusa ya siku tatu. Tukifika Kihesa, naomba ukae nje na sanduku lako. Nitatangulia.

Nitampigia goti nimsalimie kwa Kihehe: kamwene, mama. Nitamzuia asiniletee chai. Kisha nitamwambia hivi, nimeshayajaribu mbele ya kioo na sauti inatoka: Elia hakuiba. Zile chipu niliziosha mimi, kwa ujinga. Niliulizwa kama niliziosha, nikasema hapana. Akanifichia mpaka akafa, akanituma nikwambie, na sikukwambia.

Anaweza kunipiga. Anaweza kunifukuza, na katika kijiji cha kina baba yako wakasimulia mpaka wewe uwe mzee kwamba mama yake Lusajo ndiye aliyemuua Elia. Watakuwa hawako mbali na ukweli. Anaweza pia kulia kwa ajili ya mtoto wake, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya uso mkavu, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi, kwa sababu sitakuwa na haki ya kumshika mkono. Wewe utakuwa nayo. Ukimsikia, ingia. Nipite mlangoni kama hunioni, uende kwake.

Mimi nitakuwa nimesimama nje, karibu na sanduku.

Ni mimi niliyekuzaa,
Atupele